Hisa ya Mtu Anayengojwa

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Najua hisa nyie mnaijua kuwa ni karatasi. Mtu ananunua, anaitia kwenye bahasha, anangoja faida huku amelala. Sie hisa yetu ilikuwa mtaimbo. Chuma kirefu, kizito, ncha moja bapa na nyingine imechongoka. Ukija machimboni na mtaimbo wako wenzako wakakukubali, una hisa. Huna mtaimbo, wewe kibarua, jioni uchukue chako uende zako. Mnacheka? Chekeni, kisha mnisikilize, maana kila siku mnaniuliza kwa nini kile chuma chenye kutu nyuma ya mlango siwapi watu wa vyuma chakavu, na jibu lake si fupi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita ya Hitler haijaanza. Tulikaa Kinondoni, na Kinondoni yenyewe ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba ya jirani unaijua kwa moshi wake tu. Upande wa Msasani kulikuwa na mwamba wa matumbawe, jiwe jeupe lenye matundu. Wanaume wa kwetu, hawafiki ishirini, walijiunga wakapata kibali cha kulichimba, wakajiita kampuni. Mawe makubwa yaliuzwa ya kujengea, vipande vidogo vikachomwa tanurini kupata chokaa. Wazungu walikuwa wanajenga nyumba zao karibu na bahari, kwa hiyo jiwe lilikuwa na mwenyewe kabla halijatoka ardhini.

Baba watoto wangu alikuwa mmoja wa wale wanaume. Mtaimbo wake una alama tatu alizozikata kwa tupa, ziko mpaka leo, nendeni mkazipapase. Alikuwa Mzaramo kama mie, mrefu, mwembamba. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuangukiwa na jiwe, basi akitembea alikuwa anauleta nyuma kidogo, kama mtu anayemsubiri mtoto anayemfuata. Naandika hivi kana kwamba sikuusahau mwendo ule hata siku moja. Niliusahau. Mtaona.

Aliondoka kwenda Lupa, kule Chunya, upande wa Mbeya. Kule watu walikuwa wanachimba dhahabu, na waliorudi walirudi na maneno mengi. Yeye alikuwa amechoka kuchimba mawe ya nyumba za wengine huku analala kwenye udongo na makuti. Akaniambia, "Mwaka mmoja tu. Nikirudi tunajenga ya mawe." Nikamfungia mihogo mikavu na nguo mbili. Sikumlilia, mie si mtu wa kulia njiani. Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea, wa pili alikuwa bado tumboni.

Mwaka wa kwanza zilikuja salamu, kwa mdomo wa mtu. Wa pili ikaja barua aliyoandikiwa na mwingine, inasema yu mzima, na mtaimbo wake usilale. Baada ya hapo, kimya.

Mtaimbo usilale, hiyo ilikuwa sheria ya kampuni yetu. Mwenye hisa akisafiri, mtu wa nyumba yake aupeleke mtaimbo machimboni kila asubuhi, ausimike mahali pake, na kazi ya mahali pale ifanyike. Ukilala wiki nzima bila ugonjwa wala msiba, hisa imekufa. Basi niliupeleka mie. Miaka sita. Kung'oa jiwe kama wanaume sikuweza, lakini nilivunja kokoto kwa nyundo, nikabeba mawe kichwani mpaka tanurini, na hakuna aliyesema pale mahali pamelala. Asubuhi nikiubeba begani chuma kilikuwa baridi. Jioni nikiung'oa kilikuwa na joto, kimeshinda juani kutwa. Hilo joto nilikuwa nakwenda nalo begani mpaka nyumbani, na njiani sikupenda mtu aniongeleshe.

Sasa, Temeke nako kulikuwa na kampuni kama yetu. Wao walichimba mchanga na kokoto upande wa Mtoni. Wengi wao walikuwa watu wa bara, Wanyamwezi na wengineo, na Wakristo kadhaa. Mawe mazuri hawakuwa nayo, lakini walikuwa na lori. Sie tulikuwa na mawe, na punda wawili. Kontrakta mmoja, Mhindi, aliyekuwa ananunua kwetu sote, akaleta neno: kuanzia mwaka unaofuata atanunua kwa kampuni moja tu, mawe, chokaa na mchanga viingie kwa mlango mmoja. Wakubwa wa pande mbili wakakutana wakaona bora waungane kuliko mmoja afe. Lakini wakubwa hawakuweza kuamua peke yao. Ilibidi kila mwenye hisa aseme lake.

Kabla ya mkutano, karani wa wale wa Temeke alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Kijana wa bara, msomi, shati limepigwa pasi. Akafika kwangu mchana, mama mkwe wangu ameketi barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mama."

"Marahaba," tukasema.

"Mama, nina hisa moja hapa ya mtu ambaye hayupo."

"Yupo. Yuko Lupa."

"Nasema hapa."

"Hapa upo mtaimbo wake."

Akafungua daftari juu ya goti. Akanieleza taratibu, si kwa jeuri. Kampuni mpya itakuwa na daftari jipya, na serikali itataka kila jina liwe na dole gumba la mwenyewe. Asiye na dole, jina lake linatolewa na hisa yake wanagawana wengine. Mtaimbo hauna dole. Lakini kama mwenye hisa ni marehemu, mjane wake anaingia mahali pake, anatia dole lake, hisa inabaki nyumbani.

Mama mkwe alisimamisha ungo. "Unasemaje wewe?"

"Nasema ilivyoandikwa, bibi."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mie."

"Basi ifute."

Nikamwambia yule kijana, "Kwa hiyo nichague. Nimtoe, au nimzike."

"Mama, ni karatasi tu."

"Kwenu karatasi. Mie nikisema mbele ya watu kuwa ni mjane, natakiwa nikae eda. Miezi minne na siku kumi nikae ndani, kwa ajili ya mtu aliyekwenda kazini. Watoto wakiniuliza tumefiwa na nani, niwaambie tumefiwa na karatasi?"

Akafunga daftari. Akasema atatafuta njia. Alikuwa kijana mwema, na wema wake ndio ulioleta yote yaliyofuata.

Siku zile zote kabla ya mkutano sikupata raha. Watoto walikula kwa mtaimbo ule, na mama mkwe pia. Ukitolewa, mie ni kibarua kuanzia kesho yake. Lakini si tonge tu lililoniuma. Kila asubuhi kwa miaka sita nilikuwa nasimika chuma pale na pale palikuwa mahali pake. Nikisema amekufa, nitakuwa nasimika nini?

Mkutano ulifanyika Ilala, kwenye banda la seremala, maana sie hatukutaka kwenda Temeke na wao hawakutaka kuja Kinondoni. Siku ilikuwa Jumamosi. Ijumaa tulikataa sie, Jumapili wakakataa wao. Tukakaa juu ya mbao na magogo, wao upande ule, sie upande huu, vumbi la msumeno limejaa miguuni. Kila mwenye hisa alikuja na mtaimbo wake au sepeto lake, maana wao hisa yao ilikuwa sepeto la kuchotea mchanga. Mie nilikuja na binti yangu mdogo, yule aliyezaliwa baba hayupo, na mtaimbo wa mume wangu begani.

Mwenyekiti wetu, fundi chokaa, kope zake nyeupe kwa moshi na vumbi, akafungua. Akauliza watu wana maoni gani.

Mzee wetu mmoja akasimama. "Mie nauliza habari ya lori. Nimeliona mara tatu, na mara zote tatu lilikuwa linasukumwa."

Upande wa pili mtu akajibu bila kusimama, "Lori letu linasukumwa likichoka. Punda wenu anasukumwa akiwa mzima."

"Punda wetu anaijua njia."

"Ndiyo maana haendi, anajua mwisho wake ni kazi."

Watu wakacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, nyie wa leo utani mnaujua kwa kusikia. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo na ukikasirika aibu ni yako. Basi maoni yalitolewa hivyo hivyo, tusi na hoja pamoja. Mmoja wao akasema wakiungana na sie kazi itakwisha, kila siku kuna ngoma Uzaramo. Wa kwetu akasema wakiungana na wao tutabeba mizigo mpaka Tabora bila sababu, kwa mazoea tu ya babu zao wapagazi. Katikati ya vicheko hivyo mambo yenyewe yalikuwa yanakwenda: tupumzike siku gani, Ijumaa wapumzike wa Ijumaa na Jumapili wa Jumapili, lori lisikae bure; mwenyekiti awe wa huku, mshika lori wa kule. Mie nilikuwa nasubiri daftari.

Mwenyekiti akamwambia karani asome majina, kila mmoja aitike, atie dole, kisha kura ipigwe. Kijana akasoma. Mtu anaitika, anatia dole kwenye wino, anajifuta kwenye mbao. Akafika kwa mume wangu. Akasoma jina lake, akasema, "Marehemu."

Hakunitazama. Baadaye aliniambia alifikiri akilisema yeye, dhambi itakuwa yake na hisa itabaki yangu. Alikuwa ananisaidia.

Nilitaka kuinuka nimkatalie. Kabla sijainuka, upande wa pili mtu mmoja akainuka.

Nilimjua. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mnene, walifanya kazi pamoja na mume wangu bandarini zamani, kabla ya mawe. Walikuwa watani wa kufa na kuzikana. Yeye alihamia Temeke, akaingia kampuni ile, na sie tukawa hatuonani. Habari ya Lupa aliisikia. Habari ya kufa ndiyo aliisikia sasa hivi, kwa mdomo wa karani.

Niwaeleze, maana hamjaona. Zamani mtu akifa, mtani ndiye anayeingia msibani akavaa kama yeye, akatembea kama yeye, akasema maneno yake, watu wacheke na kilio kikiwa kooni. Ni haki yake na ni wajibu wake. Akimaliza anadai ada yake kwa wafiwa, nao wanampa. Asipofanya, ni kama marehemu hakuwa na mtu. Yule bwana aliona amechelewa. Mtani wake amezikwa bila yeye. Basi alifanya pale pale kilichompasa.

Akaja mpaka mbele yangu, akauchukua mtaimbo mkononi mwangu. Sikumzuia. Akainamisha kofia upande mmoja. Akageuka, akaanza kutembea katikati ya banda.

Mguu wa kushoto ukaja nyuma kidogo.

Wanangu, alikuwa mtu mnene, mfupi, na nilimwona mume wangu. Nilimwona vile anavyotoka kisimani, vile anavyokatiza uani. Miaka sita nilikuwa nikilala namtafuta kichwani, nikipata kofia sipati uso, nikipata sauti sipati mikono, na ule mwendo ulikuwa umenitoka kabisa, wala sikujua kuwa umenitoka. Sasa ulikuwa mbele yangu, juu ya vumbi la msumeno. Akafika mwisho wa banda, akasimama mbele ya gogo kama mtu aliyefika kwenye jiwe. Akaligonga mara mbili kwa mtaimbo.

"Hodi, mwenye nyumba."

Akainamisha sikio, akasubiri. Kisha, "Haya, hujibu, basi naingia mwenyewe."

Mume wangu alisema hivyo kila asubuhi kabla ya kutia chuma kwenye mwamba. Alilipigia hodi jiwe. Watu wote wa kwetu walimjua kwa hilo. Upande wa Temeke walikuwa wanacheka, upande wetu hakuna aliyecheka. Binti yangu akanivuta kanga.

"Mama, baba anatembea hivyo?"

Nikamwambia, "Hivyo hivyo."

Yule mtani akarudi na mwendo ule ule, akanisimamia, jasho na machozi vinamtoka pamoja. Akanyoosha mkono. "Shemeji, nimemzika mtani wangu mvivu. Nipe ada yangu."

Hapo ndipo nilipomkatalia. "Sikupi. Hajafa."

Mkono ukabaki umenyooka. "Nani hajafa?"

"Mtani wako. Yuko Lupa. Hakuna aliyeniletea habari ya kufa kwake. Wewe umeletewa?"

"Mie nimesikia hapa."

"Hapa pamesemwa na daftari."

Akageuka polepole akamtazama karani. Banda zima likamtazama karani. Yule mtani hakupiga kelele. Akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, umenifanya nimzike mtu aliye hai. Unajua kwetu hilo ni kitu gani?"

Karani akasema hajui.

"Basi kaa usikie. Mie sasa nina deni na mtu yule mpaka nimwone kwa macho. Na kwa kuwa nina deni naye, nasema maoni yangu ya hisa. Mie sikubali kampuni hizi ziungane kama kuungana kwenyewe kunataka mtani wangu afe. Sepeto langu hili hapa, nalirudisha nyumbani."

Mwenyekiti wetu akamwambia, "Ndugu yangu, tulia."

"Nimetulia. Wewe sema, kule kwenu mtaimbo wake umelala?"

"Haujalala hata wiki."

"Nani anausimika?"

Mwenyekiti akaninyooshea kidole.

"Basi yupo," akasema mtani, akanirudishia chuma changu.

Ndipo wakaanza kubishana kwa kweli, bila utani. Wapo waliosema huruma haifanyi kampuni, kama kila aliyepotea anahesabiwa, daftari litajaa watu wa hewani. Na hawakuwa wajinga waliosema hivyo. Mwanamke mmoja wa Temeke, naye mwenye hisa, akasema kila mwenye mume aliye safarini ataleta sepeto. Nikamjibu, "Alilete. Lakini na alifanyie kazi miaka sita, kisha tuongee." Akanitazama mikono, akaketi. Mwisho mwenyekiti akamuuliza karani kama lazima iwe marehemu au hayupo, hakuna neno lingine katika usomi wake. Kijana akafikiri. Akafuta alichoandika, akaandika neno moja, akasoma: "Anangojwa." Na chini yake, kwa muda wote atakaongojwa, dole la mkewe.

Nikatia dole. Kisha kura ikapigwa, anayekubali alaze chuma chake kulia. Wengi walilaza kulia, na mie nililaza mtaimbo kulia. Msifikiri ni kwa sababu walinipa nilichotaka. Nilikubali kwa ajili ya lori. Lori linakwenda mbali kuliko punda, na mwenye lori hukutana na wenye malori wengine, hata wanaotoka Mbeya. Kila liliporudi nilimuuliza dereva. Nilimuuliza mpaka akawa ananijibu kabla sijafungua mdomo, "Bado, mama."

Kampuni ile iliishi mpaka baada ya vita, nikausimika mtaimbo mpaka siku ya mwisho yake. Mume wangu hakuja. Mtu mmoja alisema alimwona Chunya sokoni, mwingine akasema si yeye. Sijui mpaka leo, na eda sijaikaa. Lakini nitawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwa miaka mingi kila nilipomwona yule mtani, nilitaka kumwomba atembee tena. Mara moja tu, kutoka hapa mpaka pale. Sikumwomba. Kumwomba ni kumzika, na yeye mwenyewe alikuwa na deni lake, asingekubali. Kisha yeye akafa, akaenda na mwendo ule aliokuwa akiujua vizuri kuliko mie.

Lakini jioni ya mkutano ule tulirudi Kinondoni jua bado lipo. Nikauegemeza mtaimbo nyuma ya mlango, nikakaa barazani na mama mkwe, nikamweleza kila kitu. Mara tukamwona binti yangu uani. Ameshika fimbo begani, anatembea, mguu wa kushoto anauleta nyuma kidogo, kama mtu anayemsubiri mtoto anayemfuata. Mtoto huyu hakupata kumwona baba yake hata siku moja.

Kaka yake akamwambia acha. Mama mkwe akashtuka, akasema huo uchuro, mtoto hamwigi mzazi aliye hai, nyumba itaingiliwa na msiba, mkatazeni.

Nikasema, "Asimguse mtu. Mwacheni atembee, afike mlangoni, apige hodi, kisha arudi aanze tena."